Mwamba Uliogeuzwa Ukuta

Wageni wengi wa Fort Jesus, Mombasa, huanza na mizinga. Mimi ningewaomba washuke handakini kwanza, upande wa nchi kavu, wautazame ukuta kwa chini. Hapo hakuna jiwe lililopangwa juu ya jiwe. Ni mwamba wa matumbawe, umechongwa palepale ulipo mpaka ukasimama wima, na uashi unaanza juu yake. Sogeza uso karibu uone vijitundu vyake na mabaki ya makombe. Kulinyoosha jiwe la namna hii kunataka mkono usio na pupa.

Mchoro wa ngome hii ya Wareno ulikuwa wa Giovanni Battista Cairati wa Milan, aliyewasanifia ngome zao India. Alifuata fikra ya Waitalia wa zama zake kwamba vipimo vya jengo zuri vimo katika mwili wa binadamu, ndiyo maana ngome ikitazamwa kutoka juu ina kichwa, mikono na miguu. Uzuri huo, kusema kweli, aliye chini hauoni. Anachokiona ni akili ya pembe: kila buruji limechomoza kiasi cha mlinzi kuuona ukuta wa jirani, adui asipate pa kujibanza. Kazi ilianza 1593, na 1596 ngome ilikuwa imesimama.

Waomani walipoizingira, 1696 hadi 1698, maradhi na njaa ndivyo vilivyowamaliza waliokuwa ndani. Kisha 1895 Waingereza wakaifanya gereza. Hawakusumbuka sana, maana ukuta uliojengwa mtu asiingie unafaa vilevile asitoke. Wafungwa walikaa humo hadi 1958, mwanaakiolojia James Kirkman akachimbua historia ya ngome, na baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Siku hizi kazi ya subira ni ya kuitunza. Fundi akiziba ufa kwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, uso wa jiwe ukabanduka. Chokaa huupitisha unyevu. Nayo chokaa ya pwani haina njia ya mkato: matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe, yakamwagiwa maji, yakaachwa miezi yapoe na kulainika. Halafu fundi huloanisha ukuta, akapaka tabaka jembamba kwa mwiko, akangoja lishike kabla ya kuongeza jingine.