HATA WANI: UHAKIKI WA KIDUDE CHA NYIMBO

Mhariri aliponiomba uhakiki alitegemea nitamletea riwaya. Kusema kweli mwezi huu sikununua riwaya yoyote, bei zimenishinda. Nilichokuwa nacho mkononi ni kidude cha kusikilizia nyimbo, kile cha kubana kwenye mkanda wa suruali, kina kioo kidogo kama stempu na ndani yake memori kadi ya GB 4. Basi nimekihakiki hicho. Wanaotaka kucheka wacheke kwanza, halafu tuendelee.

Shuleni tulikaririshwa kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui. Fani ni chombo, maudhui ni kile kinachobebwa. Mwalimu wetu wa kidato cha nne alikuwa akisema hivyo huku anagonga meza, nasi tunaandika. Hakuna aliyetuambia kwamba chombo kinaweza kula kilichomo. Hilo nimelijua mwaka juzi, na limenigharimu shairi.

Ilikuwa hivi. Dada mmoja wa mtaani kwetu anaimba kwenye kikundi cha taarab, kile cha harusi na vijora, si cha kwenda ng'ambo. Akaniita: "Mdogo wangu, wewe si unaandika? Nitungie basi la kuwajibu watu." Nikatunga beti nane, nikaziita "Mimi Siondoki Kwangu Hata Wanisute". Kwa msomaji asiyetoka pwani, kusuta ni kumwendea mtu hadharani na kumtolea machoni yale aliyoyasema pembeni, na mara nyingine kina mama humwendea kwa ngoma kabisa. Wimbo mzima umesimama juu ya neno hilo moja. Anayeimba anasema: njooni na ngoma zenu, mtanikuta mlangoni.

Siku ya mazoezi kuna mtu alirekodi kwa simu yake ya zamani. Akapeleka kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, jamaa wa kibanda akaigeuza MP3 na kuisambaza kwenye kadi za watu. Wiki mbili baadaye naisikia kwenye sabufa ya kinyozi. Nikafurahi jamani, nani asingefurahi? Nikakimbia na mimi kuingiziwa, nikabonyeza, kioo kikaandika: "Mimi Siondoki Kwangu Hata Wani". Mwimbaji: jina la kibanda na namba ya simu yake. Aina ya muziki: Nyinginezo. Mtunzi hayupo. Na sauti ilipoanza, kile kiitikio changu kikatoka "hata wanifute". Mpaka watoto wa jirani sasa wanaimba wanifute.

Nilifikiri dada kakosea. Hakukosea. Nikaanza kutafuta aliyelila neno.

Simu ile ilirekodi kwa fomati ya AMR. Fomati hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu, ili sauti ipite kwenye njia nyembamba. Inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na sauti zilizo juu ya hezi 3,400 hivi inaziacha nje. Ukimwambia mtu "nakuja na daladala" hilo halina shida, ataelewa. Lakini ijaribu mwenyewe herufi s, itoe polepole. Ni upepo mkali unaopita kwenye meno, na nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000. Ikikatwa pale, unabaki upepo butu usio na makali, na sikio likisikia upepo butu linausoma kama f. Suta ikawa futa. Mashine haikuwa na ubaya na mtu, ilitimiza kazi yake tu.

Mwenye kibanda naye anaamini kwamba akichagua kilobiti nyingi zaidi wakati wa kugeuza, sauti itarudi kuwa safi. Hairudi. Kilichokatwa mwanzoni kimekwenda, hata ukikipeleka kilobiti 320. Ni kama kupiga chapa upya kwa karatasi nzuri kitabu kilichokwisha kuchanwa kurasa.

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa, maana mhakiki anayekandia tu hafai. MP3 yenyewe ni kazi ya akili kubwa. Waliohusika zaidi ni Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer, na hilo jina la mkia wa faili, .mp3, walilichagua Julai 1995. Muziki wa CD unakula kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 ya kilobiti 128 inaushusha mpaka sehemu moja ya kumi na moja hivi, na bado mtu akicheza kwenye sabufa ya kinyozi hagundui kitu. Inafanyaje? Inatumia udhaifu wa sikio. Dumbaki likipigwa kwa nguvu, sauti ndogo iliyo jirani yake hatuisikii kwa sekunde ile. MP3 inasema: kama huisikii, ya nini kuitunza? Inafyeka. Ni mhariri anayefuta maneno anayoamini msomaji hatayaona, na mara nyingi anapatia.

Lakini kuna kisa ninachokipenda sana kuhusu mhariri huyu. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa mabwana wa kazi ile, alipojaribu wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", sauti ya mwanamke peke yake bila ala hata moja, mashine iliuharibu. Ikabidi wairekebishe na kuisikiliza tena na tena mpaka sauti ile ikakaa sawa. Mniruhusu niseme kwa kujivuna kidogo: kumbe kilichowatoa jasho hakikuwa ngoma wala magitaa, kilikuwa ni mtu anayetamka maneno. Sisi watu wa maneno tuwe tunalikumbuka hilo. Kwenye kelele nyingi kuna pa kujificha. Kwenye sauti tupu hakuna.

Na vibanda vyetu vinashusha mpaka kilobiti 64 au chini yake, ili kadi ionekane ina nyimbo nyingi. Kadi ya GB 4 kwa kilobiti 128 inabeba saa 69 hivi, kwa 64 inabeba mara mbili yake. Mteja anahesabu nyimbo, hahesabu herufi. Hapo simlaumu sana mwenye kibanda, maana sisi wenyewe tukifika dirishani tunauliza "zimeingia ngapi?"

Tuje kwenye lile jina lililokatwa. Hapa ndipo nilipokasirika kweli.

Kila faili la MP3 linaweza kubeba mkiani kijikaratasi cha habari zake, kinachoitwa ID3. Kile cha kwanza alikibuni Eric Kemp mwaka 1996, na kina baiti 128 tu. Jina la wimbo limepewa herufi 30, mwimbaji 30, albamu 30, mwaka 4, maelezo 30, na aina ya muziki inaandikwa kwa namba. Hesabu sasa: "Mimi Siondoki Kwangu Hata Wani", pamoja na nafasi, ni herufi 30 kamili. "Sute" imebaki nje ya mlango. Yaani neno lile lile lililoliwa na simu, kijikaratasi nacho kikalikata katikati, kama vile vimeelewana.

Na hiyo orodha ya aina za muziki ilianza na aina 80. Polka imo, namba 75. Rege imo, namba 16. Taarab haimo. Wakitaka kutuhurumia tunaingia namba 48, "Ethnic", yaani muziki wa makabila, chumba kimoja na nusu ya dunia. Lakini hilo la aina naweza kulimeza. Lisilomezeka ni kwamba kijikaratasi kile hakina nafasi ya mtunzi wa maneno. Mwimbaji yupo, mwaka upo, mshairi hayupo. Aliyekibuni alikuwa na muziki wa kwao kichwani, ambako mara nyingi aimbaye ndiye mwenye maneno, au watu hawaulizi. Kwetu taarab ni ushairi kwanza. Watu wanauliza: "Kaandika nani hii?" na jibu lake linaweza kuleta ugomvi.

Toleo la pili la kijikaratasi lilikuja mwaka 1998, likatengeneza nafasi ya mtunga muziki, nafasi ya mwandishi wa maneno, hata nafasi ya kubandika shairi zima. Kwa hiyo mshairi ana kiti chake tangu 1998. Vidude kama changu havikionyeshi kiti hicho, na vibanda havikijazi. Ukijaza wewe kwa kompyuta ya rafiki, kimo, lakini kimejificha kama jina lililoandikwa nyuma ya picha iliyokwisha kutiwa fremu.

Msidhani haya ni mapya. Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja, na nyimbo za ukumbini hazina haraka hiyo. Ikabidi wimbo uingie kwenye sahani. Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu, nasi tunausoma. Sahani ile ilimfanyia nini mshairi, sijaona mhakiki wa rika langu akilishughulikia swali hilo.

Kuhusu mpangilio nitapita haraka. Kidude changu hakijui albamu. Kinacheza kwa mfuatano ulionakili mafaili, na kwenye kidude cha rafiki yangu, kinachopanga kwa majina, wimbo wa 10 unakuja kabla ya wa 2 usipoandika 01, 02. Nyimbo tatu nilizotunga ili zijibizane zinatoka jibu kwanza, swali baadaye. Kanda za mama yangu zilikuwa na upande A na B na hakuna aliyeweza kuzichanganya. Zilikuwa zinajikunja na kuliwa na redio pia, kwa hiyo nisizisifie kupita kiasi.

Basi nilifanya nini? Nilimwomba dada turudie. Tukaingia chumbani, magodoro ukutani, tukarekodi kwa WAV ambayo haikati kitu. Nakala mama nimeihifadhi kwa FLAC, fomati iliyotoka mwaka 2001, inayopunguza ukubwa karibu nusu bila kupoteza chochote. Ni kama kukunja kanga, ukiikunjua ua lote lipo. Kidude changu hakiifungui, lakini nakala mama si ya kutembea nayo. Ya kutembea nayo nikatoa MP3 ya kilobiti 192. Jina nikalifupisha: "Hata Wanisute", herufi 13, na nafasi iliyobaki nikachomeka jina langu hapo hapo kwenye jina la wimbo. Wengine wataona ni kujipendekeza. Sikuona pengine pa kuliweka ambapo kioo kile kingelionyesha.

Nikampelekea dada asikilize. Akaweka spika za masikioni, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Kila s imekaa mahali pake kama shanga. Akazivua, akaniambia: "Safi, mdogo wangu. Lakini ile ya kwanza ilikuwa inauma zaidi. Kusutwa mtu anazoea. Kufutwa je?"

Nikabishana naye mpaka magharibi. Nikamwambia beti ya tatu ina ngoma, na ngoma ni ya kusuta. Akasema beti ya tatu nitaibadilisha.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi, nikaenda, nikakaa nyuma karibu na masufuria. Ilipofika kwenye kiitikio akaimba "wanifute", tena akairudia mara nne, na wanawake wakainuka na noti mkononi kwenda kumtunza. Bado beti ya tatu sijaibadilisha.