Hongera kwa Hangar
Hangar, karakana ya uchoraji iliyoanzishwa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, inastahili pongezi za dhati. Kule Genoa, karne ya 17, mchoraji Giovanni Benedetto Castiglione alichora shamrashamra za miungu kwa brashi. Hapa Hangar, mchoraji Bela aliiacha brashi, akachovya vidole kwenye rangi, na alama za vidole zikawa wacheza ngoma na wawindaji wanaokimbia. Hawatulii kabisa, na ndiyo maana nampenda Bela kuliko wachoraji wenzake wote. Mwenze Kibwanga alijenga miili kwa mistari mifupi iliyobanana. Pilipili Mulongoy aliwazungushia nukta ndege na samaki wake. Baadaye wawili hao walifundisha katika Akademia ya Sanaa ya mji huohuo.