Mkono Ulionakili Isaya

Majira ya Majilio makanisa yetu husoma Isaya kwa wingi. Twasikia habari za chipukizi katika ukoo wa Yese na za mtoto atakayeketi katika kiti cha Daudi. Ijumaa Kuu ikifika, twasikia za mtumishi aliyeumizwa kwa makosa ya wengine. Nabii tunamtaja, na mwinjili aliyeonyesha kuwa hayo yametimia kwa Yesu tunamtaja. Asiyetajwa ni mnakili, nami nataka kumsifu yeye.

Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walikuta magombo katika pango la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Moja lilikuwa Isaya, karibu zima, lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla Yesu hajazaliwa. Ni vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu unapita mita 7, na maandishi yamepangwa katika safu 54. Ngozi ilichorwa mistari kwanza, kisha herufi za Kiebrania zikaning'inizwa chini ya mstari, si kukalishwa juu yake kama tufanyavyo sisi.

Pale nabii anaposema kuwa wanadamu ni majani, habari ya majani kunyauka inakuja mara mbili. Jicho la mnakili likaruka kutoka ya kwanza hadi ya pili, na maneno ya katikati yakaachwa. Baadaye mkono mwingine ukayarudisha, ukayabana kati ya mistari kisha ukateremka nayo pembeni. Ulipofika kwenye jina la Mungu haukuliandika. Uliweka nukta nne tu. Nampenda sana huyu wa pili. Hakuona haya kuchafua ukurasa safi ili neno lisipotee.

Kabla ya ugunduzi huo, Isaya kamili wa Kiebrania tuliyekuwa naye alitoka katika vitabu vya karne ya 10 na ya 11, kazi ya wanazuoni wa Tiberia na waliofuata njia yao. Gombo la Qumran limewatangulia kwa takriban miaka 1,000. Tahajia zinatofautiana sana, na maneno hapa na pale, lakini mtumishi wa sura ya 53 ni yuleyule. Hakuna awezaye kusema Wakristo walimchora baada ya msalaba.

Na wanazuoni wale wa Tiberia hawakuwa Wakristo. Rashi, mfasiri mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 11, alimsoma mtumishi huyo kuwa ni taifa la Israeli. Mimi ninamwona Yesu, tena kwa moyo wote. Ila ninayemwona nimepokea kutoka mikononi mwa watu wasiokubaliana nami, waliohesabu hata maneno ili lisipungue hata moja. Deni hilo Wakristo hatujalikiri vya kutosha, na kwa karne nyingi tumelilipa kwa ubaya.

Katika Matendo ya Mitume, towashi wa Kushi yuko garini akirudi kwao, anasoma habari za mtumishi huyo na hajui ni nani anayesemwa. Aliyenakili chuo kile alikuwa ameyaacha maneno magumu yalivyo, bila kumwekea msomaji jina. Filipo akapanda, akaketi naye, akaanzia hapohapo kumweleza habari za Yesu.