Panya hana mawazo, msongo wake tuuiteje?

SIKU hizi ni vigumu kufungua redio bila kusikia kwamba msongo wa mawazo ‘umo kwenye jeni’, na kwamba mzazi aliyeteseka ‘humrithisha’ mwanawe mateso hayo. Sina ugomvi na watangazaji wetu, wanaotafsiri habari mbiombio dakika chache kabla ya kwenda hewani. Ninachouliza ni kama maneno haya yanabeba kile walichokiona wanasayansi. Kwa maoni yangu, hayabebi.

Tuanze na panya. Mwaka 2004, Ian Weaver, Moshe Szyf, Michael Meaney na wenzao, wengi wao wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, walichapisha utafiti katika jarida la Nature Neuroscience. Wapo panya majike wanaowalamba sana watoto wao katika wiki ya kwanza, na wapo wanaowalamba kidogo tu. Waliolambwa kidogo hukua wakiwa wepesi wa kushtuka, na homoni ya msongo hukawia kushuka mwilini mwao. Kisa? Katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, jeni moja ilikuwa imebandikwa vikemikali vya methili vinavyoizuia kufanya kazi sawasawa. Herufi za jeni yenyewe hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni jinsi seli inavyozisoma, na huko ndiko kunakoitwa epijenetiki.

Sasa hebu tazama. Jeni hiyo haitengenezi homoni. Inatengeneza kipokezi, yaani kile kinachoipokea homoni na kuuarifu ubongo kwamba imetosha, bomba lifungwe. Anayeiita ‘jeni ya homoni ya msongo’ ameiita breki injini.

Kisha kuna hili neno kurithi. Watafiti waliwahamisha watoto: wa mama mvivu wa kulamba akalelewa na mama hodari, na kinyume chake. Watoto wakamfuata mlezi, si mzazi. Hapo urithi uko wapi? Wahenga walituachia ‘Mtoto wa nyoka ni nyoka’, wakatuachia pia ‘Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo’. Utafiti umesimama na methali ya pili, ilhali vichwa vya habari vyetu bado viko na nyoka.

Tusimlaumu mtafsiri peke yake. Kichwa cha makala ile ya McGill kinasema tabia ya mama ‘huprogramu’ jeni, kana kwamba mambo yamepangwa yakaisha. Lakini ndani ya makala hiyohiyo, panya waliokwisha komaa walitiwa dawa ya trikostatini ubongoni na tofauti zikatoweka! Tena, kwa panya mlezi ni mama tu. Kwetu kuna baba, nyanya, shangazi, hata jirani. Ukilihamisha neno ‘mama’ kutoka kizimba cha maabara hadi Kayole bila maelezo, umemtwika mwanamke mmoja mzigo wa ukoo mzima, na huenda naye anakusikiliza huku akijiuliza amemharibu mwanawe kiasi gani.

Na binadamu je? Mwaka 2009, Patrick McGowan na wenzake walichunguza ubongo wa marehemu 36: 12 walijitoa uhai na walikuwa wameteswa utotoni, 12 walijitoa uhai bila historia hiyo, na 12 walikufa kwa sababu nyingine. Methili ilizidi katika kundi la kwanza pekee. Ni matokeo mazito, ila watu ni 36, na hakuna mtoto wao aliyepimwa. Kurithishana hakukuchunguzwa kabisa.

Limebaki ‘msongo wa mawazo’. Panya ana mawazo gani jamani? Homoni hii hutoka katika tezi zilizo juu ya figo, na hupanda kila asubuhi hata kwa mtu mwenye furaha zake. ‘Mfadhaiko’ nao umetokana na fadhaa, jambo la moyo. Mimi ningesema ‘homoni za msongo’, basi. Kitenzi -songa kinatosha: ni kubana, kukaza, na mwili hubanwa hata pasipo mawazo.

Kuhusu methili, wapo watakaotaka ‘kumethilisha’. Nawaachia wanakemia. Kwa msomaji wa gazeti napendelea ‘kubandika’, kwa kuwa kitenzi hicho kina mwenzake, ‘kubandua’.