Sikio la Fundi wa Ilemba

Ukiteremka kutoka Sumbawanga, baridi ya uwanda wa Ufipa ikabaki juu huko, bonde la Ziwa Rukwa linakupokea kwa joto na vumbi. Vumbi la Ilemba halibishi hodi. Linaingia kwenye feni ya laptopu, linaingia kwenye tundu la simu, linaganda kwenye pini ya hedifoni. Fundi ninayetaka kumsifu anaishi kwa kupigana nalo.

Mpwa wangu ana laptopu ya gemu, aliyoinunua mkononi mwa mtu. Jioni anachezea mpira, usiku anahariri nyimbo za kwaya ya kigango chao. "Mjomba," aliniambia, "mashine ina nguvu zote hizi, lakini hedifoni zinalia kama debe. Na yule mama anayeanzisha nyimbo amezama kabisa, namsikia kwa mwangwi tu." Alikuwa ameshapakua programu tatu za kuongeza besi, moja juu ya nyingine, na kila moja ilizidisha makelele. Tukabeba vyote tukaenda kwa fundi.

Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akavaa hedifoni, akafumba macho. Kisha akanyoosha mkono na kuchomoa chaja. Mlio mwembamba uliokuwa ukisikika chini ya muziki ukakatika hapo hapo. Akatuuliza nyumbani tunachomeka wapi. Mpwa wangu akaieleza ekstensheni yao, ile ambayo mguu wa waya wa ardhi ulishavunjika zamani na hakuna aliyejali, maana taa inawaka na simu inajaa. Umeme wa chaja una taka zake, na zikikosa njia ya kushukia ardhini hutafuta njia nyingine, mara nyingi hiyo ya kuelekea masikioni.

Baada ya hapo alifuta zile programu tatu. Kijana alitaka kulia. Lakini mashine yenyewe haikuwa na kosa. Sikio la kijana mzima husikia mitetemo kuanzia 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde, na tangu CD zianze kuuzwa mwaka 1982, sauti ya diski hizo hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Kipimo hicho kinalitosha sikio hilo, na laptopu yoyote ya leo inakifikia. Sisi tukisikia sauti mbaya tunakimbilia kuongeza. Fundi huyu anaanza kwa kuondoa, na anaendelea kuondoa mpaka abakiwe na wimbo.

Kazi ya namna hii si ngeni Ufipa. Wafua chuma wa zamani walijenga tanuru refu kupita kimo cha mtu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, na chuma kilichotoka humo kilikuwa kimejaa taka. Walikuwa na tanuru la pili, dogo, la mivukuto, la kukisafisha kabla hakijawa jembe. Nikimtazama fundi kainama mezani, naliwaza lile tanuru dogo. Watu hupenda kusimulia habari za lile kubwa, ila jembe bila lile dogo lisingepatikana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Alitafuta kwenye simu yake wimbo wa dansi wa enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, uliorekodiwa kwa mkondo mmoja wa sauti. Akauchomekea hedifoni zile zile. Kimya. Akapinda waya kidogo karibu na pini: bendi nzima ikaja, magitaa, tarumbeta, mwimbaji. Akauachia: kimya tena. "Waya wa ardhi umekatika ndani," akasema, na alikuwa bado hajagusa mita.

Alitueleza kwa vidole vyake. Waya mmoja ni wa sikio la kulia, mwingine wa kushoto, na wa tatu, huo wa ardhi, ni njia ya wote wawili ya kurudia. Huo wa tatu ukikatika, umeme huingilia sikio hili na kutokea lile, na kila kilicho sawa kwa pande zote mbili kinauana. Kinachopona ni tofauti tu. Mwanzishaji wa kwaya amewekwa katikati, kwa hiyo anapotea. Besi nayo huwekwa katikati, inapotea. Mwangwi wa pembeni unabaki. Wimbo wa mkondo mmoja uko sawa pande zote, basi wote unakufa. Wimbo wa zamani ndio kipimo chake, na hakinunuliwi dukani.

Akakata waya. Ndani mlikuwa na nyuzi za shaba nyembamba kuliko unywele, zimesukwa pamoja na uzi wa nguo: nyekundu, kijani, na za rangi ya shaba yenyewe. Zimepakwa vanishi, na lehemu haishiki juu ya vanishi. Asiyejua hulehemu, akavuta, zikaachia. Yeye alizichoma ncha kwanza, harufu kali ikatupanda puani, akazipaka lehemu moja moja. Lehemu nzuri ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi na hukauka iking'aa. Iliyotikiswa kabla ya kukauka hufifia kama jivu. Moja ilififia. Aliiyeyusha akairudia, ingawa sisi tusingeijua.

Mwisho alizitazama sponji za masikioni, zilizochanika. Besi huvujia hapo hata waya ukiwa mzima. Alikata sponji mpya, akaishonea kitambaa kwa sindano ya mkono.

Hedifoni za mwanzo zilizofanya kazi vizuri zilitengenezwa na Nathaniel Baldwin jikoni kwake, Utah, Marekani, mwaka 1910, akaliuzia jeshi la majini. Sikushangaa nilipolijua hilo, baada ya kukaa kwenye meza ile.

Mpwa wangu alizivaa hedifoni zake, mkono ukaenda kwenye kitufe cha kuchezea wimbo. Fundi akamzuia. "Usiweke kitu. Sikiliza kwanza."

Kijana akatulia. Feni ya laptopu, kuku nje, mashine ya kukoboa mpunga mbali kidogo. Ndani ya hedifoni, hakuna kitu.

"Haya," fundi akasema, "muite yule mama."