CHAN 2016: jinsi msapota wa Kalengera alivyoweza kufika Kigali

Upangaji wa viwanja vya CHAN 2016, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani iliyofanyika Rwanda, haukuwapendelea watu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Uwanja wa Umuganda, kule Gisenyi wilayani Rubavu, unafikika kwa miguu kutoka mpakani, lakini uliwapokea Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe. Leopards wetu, timu ya taifa ya Kongo, walipelekwa Huye, kusini mwa Rwanda. Watu wa Bukavu waliweza kupitia Rusizi na msitu wa Nyungwe. Sisi wa kaskazini tulikuwa na mzunguko mrefu wa Kigali.

Mambo yaligeuka Jumamosi ya tarehe 30 Januari, Leopards walipokutana na Rwanda uwanja wa Amahoro, robo fainali. Gisenyi hadi Kigali ni kilomita 150 na kitu, lami yote kupitia Musanze. Hapo marafiki wa kijijini Kalengera, Rutshuru, waliweza kujipanga wakaenda.

Ugumu ulianzia nyumbani. Kutoka Kalengera, pale njia ya Tongo inapochepuka, gari hupita Rumangabo, Rugari na Kibumba kabla ya kuiona Goma. Anayetoka asubuhi ya mechi amechelewa tayari. Usiku wa kuamkia mechi unalaliwa Goma.

Halafu karatasi. Jeton, karatasi ya mpakani, ilikuwa ya kuvuka hadi Gisenyi na kurudi siku ileile. Kigali ilitaka laissez-passer ya CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi, au pasipoti, na mmoja akikosa, kikundi kizima kilisimama naye kwenye kivuko cha Petite Barrière huku basi likiondoka. Kila karatasi ikaguliwe kijijini, mkononi mwa mwenyewe.

Kuhusu pesa nina msimamo: likelemba, mchango wa zamu, haifai kwa safari kama hii. Inampa mmoja leo, mwingine mwezi ujao, nanyi mnataka kuondoka siku moja. AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa, inafaa zaidi, kwa kuwa wote wanagawana mwisho wa mzunguko. Na hesabu ifanywe kwa desturi za Rwanda. Goma moto (pikipiki ya abiria) moja hubeba wawili, hata watatu. Kule ni abiria mmoja na kofia yake, basi watu sita ni moto sita. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, kwa hiyo chakula cha njiani kifungwe kwa kitambaa.

Wengi husahau gharama ya kulala. Robo fainali ile iliisha 2-1 baada ya dakika 120. Nusu fainali na Guinea, tarehe 3 Februari, ilifika penalti, 5-4. Aliyepanga kurudi jioni hiyohiyo alilazimika kuchagua kati ya basi na penalti. Fainali ya tarehe 7 tuliifunga Mali 3-0, Meschak Elia mawili na Jonathan Bolingi moja, tukawa nchi ya kwanza kutwaa CHAN mara mbili. Usiku kama huo mtu hakimbilii basi.

AFCON ya 2027 imepangiwa Kenya, Tanzania na Uganda, na kutoka Kalengera Uganda haiko mbali. Vijana wa Rutshuru, fungueni AVEC yenu sasa, na pasipoti iwe ununuzi wa kwanza.