Easy Rawlins si Bwana Msa

Nimeirudia Devil in a Blue Dress ya Walter Mosley (1990), na jamani, tuache kumwita Easy Rawlins Bwana Msa wa Los Angeles. Mwaka 1948 Mzungu Albright anamlipa Easy kwa kuwa ngozi yake itampitisha kwenye vilabu vya Weusi anakoonekana Daphne, "Mzungu" ambaye kumbe ni chotara. Rangi ndiyo kazi, rangi ndiyo siri. Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ana kiko na akili. Akipiga hodi anafunguliwa, kabila haulizwi. Nampenda, lakini Unguja ya uchaguzi wa 1957 iliuliza kabila kutwa! Muhammed Said Abdulla, mtu wa magazeti, alilijua hilo. Kunyamaza kwake ndiko kunakonikera. Mnasemaje?